Hodi Isiyovuka Barabara

Mgeni akihamia Mpumudde, kabla hajazoea hata njia ya kwenda sokoni, majirani watamuuliza kama ameshafika kwa mwenyekiti wa LC1. Mwenyekiti huyo si mkubwa serikalini. Ana daftari, ana muhuri, na mara nyingi ofisi yake ni kiti cha plastiki chini ya mwembe. Hata hivyo, bila barua yake mambo mengi hukwama: kitambulisho cha taifa, mkopo wa benki, hata dhamana ya ndugu aliyekamatwa na polisi. Ofisi kubwa ya mjini haikujui. Inaujua muhuri wa kijiji chako, na kupitia muhuri huo ndipo inapokujua wewe.

Nimeanza na mwenyekiti kwa sababu habari ninayotaka kueleza, ijapokuwa ni ya kompyuta, ni habari ya muhuri. Mimi nasomea ualimu. Somo langu la kwanza ni Kiswahili na la pili ni kompyuta. Wenzangu hunitania kwamba nimepanda boda mbili kwa safari moja. Nataka kuonyesha kwamba boda hizo mbili zilinifikisha mahali pamoja, muhula ule wanafunzi wa hosteli yetu walipokaa siku tisa bila mtandao na kila mmoja akaambiwa akaitazame simu yake.

Taasisi yenyewe siitaji jina. Ina pande mbili. Upande mmoja kuna jengo la zamani lenye ofisi, maabara ya kompyuta na chumba cha seva. Upande wa pili, ng'ambo ya barabara ya vumbi, kuna hosteli. Zamani pande zote mbili zilikuwa mtandao mmoja. Mtandao wa namna ile una nafasi za anwani 254 tu, na siku hizi mwanafunzi mmoja huja na simu mbili na kompyuta ya mkononi. Nafasi zikajaa. Wakati wa likizo fundi akaugawa mtandao: jengo la zamani likabaki na anwani zinazoanza na 192.168.10, hosteli ikapewa zinazoanza na 192.168.20, na katikati akaweka ruta ya kuziunganisha. Anwani za 192.168 ni miongoni mwa zile zilizotengwa kwa matumizi ya ndani katika waraka wa Februari 1996. Ndiyo maana nambari hizohizo waweza kuzikuta Jinja, Mbale na Muscat bila kugongana. Uamuzi wa fundi ulikuwa mzuri. Kilichobaki ni mambo mawili madogo ambayo hayakuonekana mpaka tuliporudi.

Tuliporudi, jengo la zamani lilikuwa na mtandao kama kawaida. Hosteli haikuwa nao. Alama ya waifai ilijaa pomoni, nywila ilikubaliwa, kisha simu ikazunguka na kuzunguka ikisema inatafuta anwani ya IP, na mwishowe ikakata tamaa. Maelezo yalikuwa mengi kuliko vyumba. Wapo waliosema simu za bei rahisi hazikubaliani na ruta mpya. Wapo waliosema ni virusi. Wapo walionong'ona kwamba waliofungiwa ni wale ambao hawajamaliza karo. Tulipotuma mjumbe ofisini, jibu lilikuwa fupi: huku kwetu inafanya kazi, angalieni vifaa vyenu.

Jibu hilo liliwaumiza watu. Tulikuwa na wiki mbili za kujiandikisha masomo kwenye tovuti, na asiyejiandikisha hafanyi mtihani. Mwenye pesa alinunua bando akamaliza kazi yake bila hata kujua kwamba kuna tatizo. Lakini bando si mchezo kwa mtoto wa mkulima, hasa tangu Julai 2021 serikali ilipoweka ushuru wa asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Wasio na pesa walivuka barabara usiku, wakaketi barazani pa jengo la zamani pamoja na mbu, mpaka askari alipowafukuza saa nne. Dada mmoja wa chumba cha jirani, mwenyeji wa Bududa, aliamini kweli kwamba simu yake imeharibika. Aliipeleka kwa fundi mjini, akalipa shilingi elfu arobaini, fundi akaifuta yote na kuianzisha upya. Picha za marehemu mama yake zilikuwa humo. Simu ilirudi tupu, na hosteli ilipoiona ikazunguka vilevile na kukosa anwani vilevile.

Hapo ndipo niliposema liwalo na liwe, nikamwendea mwalimu wetu wa kompyuta.

"Mwalimu, shikamoo. Naomba ruhusa nifuatilie jambo la hosteli."

"Marahaba. Fuatilia, lakini usibadilishe kitu chochote kabla hujaandika kilivyokuwa."

Agizo hilo la pili lilikuwa na thamani kuliko ruhusa yenyewe.

Kabla ya kusimulia tulichokiona, nieleze kwanza kifaa kinavyopata anwani, na nitaeleza kwa adabu tuliyofundishwa sote nyumbani. Kifaa kinapoingia katika mtandao hakina anwani, na wala hakijui nani anazigawa. Kwa hiyo kinapiga hodi. Kinajitambulisha kwa sifuri tupu, 0.0.0.0, na kinawaita wote waliopo kwa anwani ya 255.255.255.255, maana yake "enyi nyote mlio humu". Seva ikisikia hujibu: karibu, kipo chumba namba fulani. Kifaa hujibu: basi nakichukua hicho. Seva humaliza: haya, ni chako mpaka saa fulani. Ni maneno manne tu, mawili ya mgeni na mawili ya mwenyeji. Utaratibu huu huitwa DHCP, na waraka wake unaotumika mpaka leo uliandikwa na Ralph Droms mwezi Machi 1997, juu ya msingi wa utaratibu wa zamani zaidi uitwao BOOTP, wa mwaka 1985.

Sasa jambo la kushika ni hili: hodi ya aina hiyo haivuki ruta. Ruta haikuharibika, imeumbwa hivyo. Kama kila ruta ingepitisha kila hodi, kompyuta moja ikiwashwa Mpumudde ingeziamsha kompyuta zote za Mbale na Nairobi, na dunia nzima isingelala. Ruta hupeleka barua yenye anwani ya mtu maalumu. Kelele za "enyi nyote" hukomea hapo.

Tulianza uchunguzi kwa kusoma kile ambacho kifaa chenyewe kilikuwa kinasema. Simu husema kidogo mno, lakini kompyuta ya mkononi ilionyesha anwani inayoanza na 169.254. Nambari hizo mbili ni ushahidi mkubwa. Kifaa kikipiga hodi mara kadhaa bila kujibiwa, hujipa chenyewe anwani ya muda kutoka kundi hilo, kwa kanuni iliyochapishwa mwaka 2005. Kwa hiyo 169.254 haimaanishi kwamba kompyuta ni mbovu. Inamaanisha: niliuliza, sikujibiwa. Tangu hapo swali letu likawa moja: je, ombi lilifika likakataliwa, au halikufika?

Jaribio la kwanza lilikuwa la miguu. Tulibeba kompyuta ileile, tukavuka barabara, tukaiunganisha katika jengo la zamani. Ndani ya sekunde chache ikapewa anwani ya 192.168.10. Basi kompyuta ni nzima, na seva ni nzima.

Jaribio la pili tulilifanya hosteli. Tuliipa kompyuta anwani kwa mkono, 192.168.20.250, tukaionyesha mlango wa kutokea ambao ni ruta, 192.168.20.1, kisha tukaituma iigonge seva iliyo ng'ambo, 192.168.10.5. Seva ikajibu. Basi kebo ni nzima, ruta inapitisha, na seva inaijua njia ya kurudisha jibu hosteli. Majaribio hayo mawili yalichukua chini ya nusu saa na yalifuta nusu ya maelezo yaliyokuwa yakizunguka hosteli: hakuna simu mbovu, hakuna virusi, hakuna aliyefungiwa kwa sababu ya karo.

Jaribio la tatu lilikuwa kusikiliza. Ipo programu ya bure iitwayo Wireshark, aliyoianzisha Gerald Combs mwaka 1998 kwa jina jingine, ambayo huonyesha kila kinachopita kwenye waya. Mwenzangu aliifungua hosteli, mimi na Mwalimu tukaifungua kwenye seva, huku tukipigiana simu. Hosteli hodi zilionekana wazi: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, zote zikielekea mlango namba 67 ambao seva husikilizia. Kwenye seva palikuwa kimya kabisa. Hapakuwa na hodi iliyokataliwa, kwa sababu hapakuwa na hodi iliyofika.

Mwenzangu alicheka kwenye simu. Kila mtoto wa huku anajua kwamba Omukama Kabalega wa Bunyoro, aliyekamatwa na Waingereza mwaka 1899, alifariki hapa Mpumudde mwaka 1923 akiwa njiani kurudi kwao kutoka uhamishoni Shelisheli. Na jina la Mpumudde kwa Kiganda husikika kama "nimepumzika". "Basi," akasema, "hata hodi zetu zimepumzikia hapahapa."

Wenye kutunga utaratibu huu walilijua tatizo hilo tangu mwanzo. Huwezi kuweka seva katika kila chumba cha kila jengo. Kwa hiyo walibuni mjumbe anayekaa upande wa wageni, mara nyingi ndani ya ruta yenyewe. Akisikia hodi, haitupi. Huichukua, huiandika upya kama barua yenye anwani ya seva, na kuipeleka. Jibu likija, huliletea kifaa kilichouliza. Jioni ile tulipowaeleza wenzetu hosteli, nilitafuta jina la mjumbe huyo. Hosteli yetu ina Wasoga, Wagisu, Wateso, Wasamia na Wajopadhola. Lugha ya pamoja usiku ule ilikuwa Kiswahili, na nikiitaja ruta kwa maneno ya kitabuni naona macho yanasinzia. Wakala? Mmoja akasema wakala ni wa pesa za simu. Mpelekaji? Wengi waliona halina mwili. Ndipo mzee wa hosteli, ambaye ndiye anayetupikia, akasema kutoka jikoni: "Huyo si tarishi?" Naam, tarishi. Kila mtu aliona ofisi, bahasha na mtu anayetembea. Na mara mwanafunzi wa historia, asiyejua kitu juu ya kompyuta, akauliza swali ambalo lilikuwa ndilo lenyewe: "Sasa tarishi wetu yuko wapi?"

Hakuwepo. Fundi alipogawa mtandao hakumweka. Kesho yake Mwalimu aliandika mpangilio wa ruta ulivyokuwa, kisha akaongeza agizo moja upande unaotazama hosteli: hodi zote zipelekwe 192.168.10.5. Tukaipigia simu hosteli tukitarajia vigelegele. Tukaambiwa bado.

Hapa wengi huvunjika moyo na kuanza kubadilisha kila kitu kwa pamoja. Sisi tulirudi kwenye swali lilelile: ombi limefika wapi? Tukasikiliza tena kwenye seva. Safari hii hapakuwa kimya. Hodi zilikuwa zinaingia, zimeletwa na 192.168.20.1, moja baada ya nyingine. Seva ilikuwa inazisikia na kunyamaza. Kimya cha jana na kimya cha leo kwa mwenye simu ni kitu kimoja, lakini kwa mchunguzi ni vitu viwili tofauti kabisa, maana jana ombi lilikufa kwenye ruta na leo limevuka barabara.

Ndipo muhuri unapoingia. Ndani ya kila ombi la DHCP kuna nafasi iliyotengwa kwa ajili ya anwani ya tarishi. Kifaa kinapopiga hodi, nafasi hiyo ni sifuri. Tarishi anapolichukua ombi huandika humo anwani yake ya upande wa wageni. Kwetu ni 192.168.20.1. Hiyo ndiyo kazi ya muhuri wa LC1. Kwanza humwambia mwenye ofisi mgeni anatoka kijiji gani, ili apewe anwani ya kijiji hicho na si ya kijiji kingine. Pili humwambia jibu lirudishwe kwa nani. Seva haikijui kifaa chenyewe. Inatazama muhuri, kisha inafungua daftari kwenye ukurasa wa kijiji hicho.

Daftari la seva yetu lilikuwa na ukurasa mmoja tu, wa 192.168.10. Kumbukumbu za seva zilisema hivyo wazi, mstari juu ya mstari: ombi kutoka 192.168.20.1, mtandao haujulikani. Yalikuwa yameandikwa humo tangu tarishi alipoanza kazi, yakimsubiri mtu wa kuyasoma.

Mwalimu akafungua ukurasa wa pili: anwani kuanzia 192.168.20.50 hadi 192.168.20.240, ambazo ni 191. Akaweka muda wa saa nane kwa kila anwani, ili simu ya mgeni aliyepita asubuhi isishikilie nafasi wiki nzima. Akanionya jambo moja ambalo nimelihifadhi: usinakili ukurasa wa zamani ukabadilisha nambari za juu tu. Mlango wa kutokea wa hosteli ni 192.168.20.1. Ukiacha ule wa jengo la zamani, kifaa kitapata anwani nzuri na bado hakitatoka nje, na utaanza kutafuta tatizo jipya ambalo umelizaa mwenyewe.

Saa tano na robo asubuhi, siku ya tisa, maneno manne yalipita yote: hodi, karibu, nachukua, haya ni chako. Kelele za hosteli tulizisikia ng'ambo ya barabara bila simu.

Vilibaki vyumba viwili vya ghorofa ya juu. Huko vifaa vilipata anwani zinazoanza na 192.168.1, ambazo hatukuzigawa. Hapo swali liligeuka: si kwa nini hakuna jibu, bali nani anajibu. Wireshark ilituonyesha kwamba karibu ilikuwa inatoka ndani ya hosteli yenyewe. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameleta ruta ndogo ya nyumbani ili awasaidie wenzake, akaichomeka kwenye tundu la ukutani. Ruta hiyo nayo hugawa anwani, na kwa kuwa ilikuwa karibu, hodi za vyumba vile ziliifikia mapema na jibu lake likatangulia. Alikuwa mwenyekiti wa bandia mwenye nia njema. Tuliichomoa, vyumba vikapona.

Wenzetu wote walijiandikisha kabla ya tovuti kufungwa. Lakini shilingi elfu arobaini hazikurudi, wala picha hazikurudi. Ndiyo maana naona somo la habari hii si la kompyuta peke yake. Kosa la mtandao halikuchagua mtu. Simu ya bei ghali na ya bei rahisi zilikosa anwani sawasawa. Lakini lawama ilichagua. Iliteremka kwa yule asiyeweza kununua bando na asiyeweza kuthibitisha kwamba simu yake ni nzima. Kifaa kisicho na anwani hakiwezi hata kutuma malalamiko, kwa sababu malalamiko nayo yanahitaji anwani. Mwenye mtandao alipotazama upande wake aliona kila kitu kinafanya kazi, na alisema kweli. Ila ukweli wake uliishia kwenye ruta, palepale hodi zetu zilipoishia.

Walimu na wanafunzi wa lugha hujifunza kuuliza nani anasema, anamwambia nani, na kwa njia ipi. Katika jambo hili tulitumia maswali hayohayo, na tumeyabandika ukutani hosteli kwa Kiswahili, karibu na ubao wa matangazo. Kifaa chako kinasema kina anwani gani? Kikipelekwa upande mwingine kinapata? Hodi ilisikika mwisho wapi? Jibu uliloletewa limetoka kwa nani?

Muhula uliofuata umeme ulikatika usiku, na uliporudi ruta ikawaka bila agizo lake la tarishi. Mimi nilikuwa Mbale kwa mazoezi ya kufundisha. Yule dada wa Bududa alisoma 169.254 kwenye kompyuta ya mwenzake, akaibeba akavuka barabara, ikapata anwani, akarudi. Kisha akaenda ofisini, akasema: "Vifaa vyetu ni vizima na seva yenu ni nzima. Ombi halivuki ruta. Mtazameni tarishi." Hawakumwambia akaitazame simu yake. Walifungua ruta.